Barafu Inarudi Nyuma, Mwani Unaingia: Yanayotokea Potter Cove, Antaktika

Potter Cove ni hori dogo katika kisiwa cha King George, kaskazini mwa Rasi ya Antaktika, nyuzi 62 kusini mwa ikweta. Kando yake kipo Carlini, kituo cha utafiti cha Argentina, ambako wanasayansi wa nchi hiyo na wenzao wa Ujerumani wameshirikiana tangu miaka ya 1990. Mto wa barafu uitwao Fourcade, unaoshuka hadi kwenye hori hilo, umekuwa ukirudi nyuma tangu miaka ya 1950, na kila unaporudi unaacha miamba mitupu chini ya maji.

Miamba hiyo haikai mitupu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa mwani umeshaota katika maeneo hayo mapya. Mwani hauna mizizi. Spora zake, yaani chembe ndogo za kuzaliana, husafiri na maji, na zikikuta jiwe safi hujibandika na kuanza kukua. Zikitua kwenye tope laini, hazina pa kushika. Mwani tunaoulima Unguja tunaufunga kwenye kamba, lakini wa huko hujishikilia wenyewe kwa kitako kidogo kilichogandama kwenye mwamba, huku vipande vya barafu vikipita na kuukwangua.

Hata hivyo tusikimbilie kushangilia. Barafu inayoyeyuka kiangazi huteremsha matope hadi horini, na maji yanachafuka kiasi kwamba mwanga hauendi mbali. Bila mwanga hakuna usanisinuru, yaani mwani hauwezi kujitengenezea chakula. Ndiyo maana karibu na barafu mwani huishia kwenye kina kifupi, na aina zake ni chache. Inayotawala hapo ni Palmaria decipiens, mwani mwekundu wenye majani bapa. Huu una mbinu ya ajabu, na kwangu ndiyo sehemu inayovutia kuliko zote: huanza kutoa majani mapya mwishoni mwa majira ya baridi, maji yakiwa bado maangavu. Tope la kiangazi linapofika, sehemu kubwa ya ukuaji wake imeshapita. Mbali zaidi na barafu ndiko unakostawi Himantothallus grandifolius, mwani wa kahawia ambao jani lake moja linaweza kuzidi urefu wa mita 10.

Wapo wanaosema mwani huu utafyonza hewa ya kaboni inayoipasha dunia joto, na kutupunguzia mzigo huo. Ni kweli unafyonza, na vipande vinavyokatika huwalisha konokono na vijidudu wa sakafu ya bahari. Lakini sikubali uitwe tiba. Katika hori hilohilo, watafiti waliolinganisha sakafu ya bahari kati ya mwaka 1994 na 2010 walikuta wanyama wanaojilisha kwa kuchuja maji, waliokuwa wametawala hapo awali, wamepungua sana, na tope la barafu likatajwa kuwa chanzo kikuu. Joto lililoufungulia mwani miamba ndilo lililoleta tope hilo.