Friji linatekenya? Ita fundi leo: maswali na majibu kuhusu shoti za umeme majumbani

Haya ni maswali tunayoulizwa mara kwa mara katika kituo chetu cha afya hapa Pemba, hasa masika yanapoingia na kuta zikaanza kutota maji.

Shoti ni nini hasa?

Ni umeme kupita ndani ya mwili wa mtu ukitafuta ardhi. Umeme wa majumbani mwetu ni volti 230, na ukipita kifuani unaweza kuuvuruga moyo ukawa unatetemeka ovyo badala ya kupiga. Hapo mtu ana dakika chache tu.

Friji letu linatekenya kidogo ukiligusa, lakini linapoza vizuri. Nalo ni la kuita fundi?

Ndiyo, na leo. Bodi ya friji haitakiwi kukutekenya hata chembe. Likitekenya, umeme unafika pasipotakiwa, na waya wa ethi ambao kazi yake ni kuupeleka ardhini haupo, umekatika, au umeliwa na kutu. Visiwani kwetu hewa ya chumvi inakula chuma upesi, na kwenye ardhi ya mawe au mchanga mkavu ethi hushika vibaya tangu mwanzo.

Umeme unaopita mwilini hupimwa kwa miliampea. Mtu huanza kuhisi mtekenyo kwenye miliampea 1 hivi. Zikifika 10 hadi 15, misuli hujikaza na mkono ukashindwa kuachia. Kuanzia 50 hadi 100, moyo unaweza kusimama. Friji linaweza kuwa lile lile na hitilafu ile ile. Kilichobadilika ni wewe: jana mkono ulikuwa mkavu na umevaa ndara, leo umetoka kufua, mikono imeroa, uko miguu mitupu kwenye sakafu yenye maji.

Na si friji peke yake. Mashine ya maji, mfereji wa bafuni, pasi, mlango wa chuma, waya wa kuanikia nguo uliofungwa kwenye bati: chochote kinachotekenya kina hukumu moja.

Sisi tushazoea. Tunavaa ndara, na mbele ya friji tumeweka ubao. Haitoshi?

Haitoshi. Jawabu hili nimelitoa mara nyingi na nitaendelea kulitoa: haitoshi. Nyumba yenye sharti la "vaa ndara kabla hujafungua friji" ni nyumba inayojua kuwa ina hatari na imeamua kuishi nayo. Sharti hilo mgeni halijui. Mtoto wa miaka minne halikumbuki. Anarudi chuoni kanyeshewa, ana kiu, anakwenda moja kwa moja kwenye maji baridi. Ndara zenyewe zikiroa, na ubao ukiroa, kinga imekwisha.

Zima kwenye swichi ya soketi bila kuligusa friji, au zima meni suichi, yaani swichi kuu ya nyumba, kisha chomoa. Lisiwashwe tena mpaka fundi aje. Najua kuna samaki ndani, na najua wengine wanauza barafu na malai na hiyo ndiyo riziki yao. Bado, lizimwe.

Kwani fyuzi haitakata?

Fyuzi ya plagi huwa ya ampea 13, yaani miliampea 13,000. Rudi juu utazame ni ngapi zinazoua. Fyuzi imewekwa ili waya usiungue. Kinachomlinda mtu ni breka ya umeme unaovuja, ambayo hukata kwenye miliampea 30. Mwambie fundi aifunge, na aipime ethi kwa kifaa, asiishie kubadilisha plagi akaondoka.

Ni mambo gani mengine ya kuacha?

Kuchokonoa tundu la juu la soketi kwa kijiti ili plagi ya pini mbili iingie. Kuchomeka nyaya zilizo uchi na kuzikaza kwa njiti za kibiriti. Kupitisha ekstensheni chini ya busati na kuzichomeka moja ndani ya nyingine. Tafadhali, acheni. Soketi ikiwa ya moto, ikinuka plastiki inayoungua, ikiwa nyeusi au ikitoa cheche, au breka ikikata kila ukiirudisha, hiyo ni kazi ya fundi aliyesomea umeme. Mita, nguzo na waya wa barabarani ni kazi ya ZECO, shirika la umeme la Zanzibar. Waya ukianguka, kaeni mbali hatua kumi au zaidi na mzuie watoto.

Mtu amenaswa. Tufanye nini?

Usimshike, hata akiwa mwanao. Utanaswa naye. Kata umeme kwanza, kwenye meni suichi. Ikishindikana kabisa, simama pakavu umsukume kwa mti mkavu. Akiwa hapumui, piga kelele watu watafute gari, nawe mbonyeze katikati ya kifua kwa nguvu na upesi, mara 100 hadi 120 kwa dakika, usiache mpaka apumue au mfike hospitali. Kumfukia mchanga hakuutoi umeme, kwani umeme haubaki mwilini. Maziwa hayasaidii kitu, na asiye na fahamu yanaweza kumpalia akafa kwayo.

Amerushwa na umeme, sasa anaongea vizuri, ana kidoa tu cha kuungua kidoleni. Tumpeleke?

Mpelekeni. Kidoa kidogo juu ya ngozi kinaweza kuficha nyama iliyoungua ndani. Moyo unaweza kuwa unapiga vibaya bila yeye kuhisi, na hilo huonekana kwa kipimo cha moyo. Misuli iliyoharibika hutoa sumu inayoziba figo, na dalili yake ni mkojo kuwa mweusi-mweusi kama chai kavu. Wanaotuumiza ni wale wanaoletwa mkojo ukiwa tayari hivyo, baada ya kulala nyumbani siku mbili wakipakwa dawa ya meno.

Aliyezirai, ambaye moyo unamwenda mbio, aliyeungua au ambaye umeme umempita mkono hadi mkono, asisubiri asubuhi. Mjamzito aje hata kama hahisi lolote. Na anayebaki nyumbani azime meni suichi, amwite fundi.