Je, wajua kwa nini tamaa hufaulu kwenye swali la saa?

Tamaa mbele, mauti nyuma, walisema wahenga. Ila lipo zoezi la wanaoanza kuandika programu ambalo hujibiwa kwa tamaa tupu, na jibu halikosei hata siku moja.

Umepewa nyakati mbili, tuseme 09:47 na 13:08. Kila hatua inasogeza saa mbele kwa dakika 1, 5, 15 au 60. Ni hatua ngapi, kwa uchache kabisa, zitakufikisha?

Geuza kwanza kila kitu kiwe dakika tangu saa 00:00: 587 na 788. Tofauti ni 201. Kisha ifuate tamaa: chota kubwa kwanza. 60 mara tatu, zinabaki 21. 15 mara moja, zinabaki 6. Halafu 5, halafu 1. Hatua 6. Kwa lugha ya programu ya Python, ukianza na idadi = 0 na tofauti = 201, kazi yote ni hii (// hugawanya na kutupa baki, %= huacha baki tu):

for hatua in (60, 15, 5, 1):
    idadi += tofauti // hatua
    tofauti %= hatua

Wengi huishia hapo, nao utamu ndio kwanza unaanza. Tumejuaje kwamba hakuna njia fupi zaidi? Fikiria jibu lililo bora kabisa. Haliwezi kuwa na dakika moja-moja tano, kwa sababu hizo zingebadilishwa na hatua moja ya 5. Kwa hiyo za 1 hazizidi nne. Vivyo hivyo za 5 hazizidi mbili, na za 15 hazizidi tatu. Jumlisha: 4 + 10 + 45 = 59. Hatua ndogo zote kwa pamoja haziwezi kufikia 60! Basi kila 60 iliyomo lazima ichukuliwe, na hoja hiyohiyo inashuka hadi 15 na 5.

Siri ni kwamba kila hatua inagawanya ile inayoifuata bila baki. Weka 1, 15 na 20 badala yake, kisha utafute dakika 30: mwenye tamaa atachukua 20 na kuburura moja-moja kumi, hatua 11, wakati 15 mara mbili zingetosha. Hapo wahenga wanashinda.

Kama safari inavuka usiku wa manane, mfano 23:50 hadi 00:20, tofauti hutoka hasi 1410. Ongeza 1440, dakika za siku nzima, kabla ya kuanza kugawanya. Utapata 30, hatua mbili tu.