Jinsi ya kupima majivu ya jiko la makaa ya mawe nyumbani

Mkaa mbadala wa makaa ya mawe, kama Rafiki Briquettes za STAMICO (Shirika la Madini la Taifa la Tanzania) zinazotokana na makaa ya mgodi wa Kiwira, huacha majivu mengi kuliko mkaa wa miti. Makaa ya mawe hutoka ardhini yakiwa yameshikamana na udongo na mawe, na baadhi ya watengenezaji huongeza udongo wa mfinyanzi ili vipande vishikane. Mkaa safi wa miti huacha majivu ya asilimia 5 au pungufu. Kwa makaa ya mawe, asilimia 20 si ajabu. Majivu hayo umeyanunua kwa bei ya mkaa na hayakukupa moto wowote, ndiyo maana inafaa kuyapima kabla ya kuamua mzigo upi ni rahisi kweli.

Tumia mizani ya kidijitali ya jikoni inayosoma hadi gramu 1. Mizani ya kuning'iniza ya sokoni haifai: ikikosea gramu 50 tu kwenye majivu ya gramu 600, tayari umepotoka kwa asilimia 8. Tafuta pia ndoo ya bati yenye mfuniko, koleo, na chekecheke yenye matundu ya milimita 5 hivi.

Anza na jiko tupu, lililofagiwa hadi kwenye matundu ya chini. Pima ndoo ikiwa tupu, andika uzito wake. Pima mkaa ukiwa mkavu, kisha pika kama kawaida. Moto ukizima, acha majivu ndani ya ndoo iliyofunikwa, nje ya nyumba, kwa saa 24. Kaa huweza kubaki hai ndani ya majivu kwa saa nyingi na kutoa hewa ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu na huua. Usiiweke ndoo chumbani hata kama unaona imepoa. Usiyamwagie majivu maji, kwa sababu utakuwa unapima maji.

Hapa ndipo wengi hukosea: hupima kila kilichobaki na kukiita majivu. Chekecha kwanza. Vipande vyeusi vilivyobaki juu ni mkaa ambao haujaungua, na hesabu yake ni tofauti. Mabonge magumu ya kijivu au kahawia ni majivu yaliyoyeyuka na kugandamana. Hayo yarudishe upande wa majivu.

Tuseme uliweka gramu 3,000. Mabaki yote, ukishatoa uzito wa ndoo, ni gramu 780, na vipande vyeusi ni gramu 150. Mkaa ulioungua ni 3,000 kutoa 150, yaani 2,850. Majivu ni 780 kutoa 150, yaani 630. Gawanya 630 kwa 2,850: asilimia 22. Usingechekecha, ungepata 26 na kuulaumu mkaa kwa kosa la jiko. Vipande vyeusi vikiwa vingi, mara nyingi matundu ya chini yameziba na hewa haipandi, au mkaa ulikuwa na unyevu.

Unyevu huo hudanganya pia upande wa pili. Kama ule mkaa wa gramu 2,850 ulikuwa na maji ya asilimia 10, mkaa mkavu ni gramu 2,565 tu, na majivu halisi yanakaribia asilimia 25. Msimu wa mvua anika mkaa juani kwanza. Kupima siku moja hakutoshi. Pima siku 7, jumlisha, ndipo ugawanye. Hata hivyo jibu lako litazidi kidogo lile la maabara, ambako gramu 1 ya unga wa makaa huchomwa kwenye tanuri la nyuzijoto 815 hadi kaboni yote iishe. Jikoni, majivu ya kijivu kilichokoza bado yana kaboni ndani yake.

Funga barakoa unapochekecha, kwani vumbi lake ni jembamba na hushuka hadi mapafuni. Na majivu haya msiyatumie kama ya kuni: si ya kusugulia sufuria, si ya kuhifadhia mahindi wala maharage, si ya kutia kwenye bustani ya mboga. Yanaweza kuwa na madini kama aseniki na risasi, ambayo hayaungui bali hubaki na kujikusanya humo. Yaloweshe kidogo baada ya kupima, yafunge kwenye mfuko na uyapeleke kwenye taka, mbali na kisima.