"Waliotangamana na mgonjwa" ni nani, na kwa nini siku 21?

Kila ukitangazwa mlipuko wa Marburg au Ebola, neno hili halikosekani kwenye taarifa: waliotangamana. Hao si wagonjwa. Ni watu wenye afya zao ambao walimuuguza mgonjwa, walifua shuka zake, au walimwosha alipofariki.

Tuseme mama mmoja katoka Tunduma na Coaster, ana homa, anatapika, anashukia Mbalizi kwa mdogo wake. Siku ya tatu hospitali inathibitisha Marburg. Hapo kazi inaanza na daftari. Nani alikaa naye kiti kimoja? Konda alimshika mkono akimshusha? Kitenge kilichochafuka kwa matapishi kilifuliwa na nani? Kila mmoja anaandikwa jina, simu na siku aliyokutana naye mara ya mwisho. Hesabu ya siku 21 huanzia siku hiyo, si siku jina lilipoandikwa. Kisha mhudumu wa afya humfuatilia kila siku, anauliza hali na kupima joto.

Kwa nini 21? Kirusi cha Marburg huchukua siku 2 hadi 21 kabla ya kuonyesha dalili. Muda huo ni kipindi cha kuatamia, na bahati nzuri kuku naye huatamia siku 21, kwa hiyo hesabu haisahauliki. Mdogo mtu akishikwa na homa siku ya tisa, anatengwa na kupimwa, na wote aliogusana nao tangu homa ianze wanaanza hesabu yao wenyewe. (Kutengwa ni kwa mgonjwa au anayeshukiwa, karantini ni kwa mzima aliyekuwa karibu naye.)

Daftari hili hili lilitumika mwaka 2020 kwa UVIKO-19, likazidiwa. Mwenye UVIKO huweza kuambukiza siku moja au mbili kabla hajajisikia vibaya, tena kwa hewa. Hebu fikiria Coaster ya alfajiri ya Juni, madirisha yote yamefungwa kwa baridi ya Mbeya: utamwandika nani, utamwacha nani? Marburg haiambukizi kabla ya dalili, nayo hupita kwenye damu na majimaji ya mwili. Ndiyo maana daftari linaweza kuiwahi.

Kwa hiyo si kila kitu cha UVIKO kinahamishika. Kibuyu chirizi mlangoni kibaki. Barakoa ya mtaani kwa Marburg haina kazi kubwa. Hatari iko kitandani kwa mgonjwa na msibani, kwenye kuosha maiti. Na mpaka? Mei 2020 Zambia ilifunga Nakonde, upande wake wa mpaka wa Tunduma, malori yakajaa Tunduma. Binafsi naogopa zaidi njia za panya: anayepita huko hapimwi joto, wala hayumo kwenye daftari la mtu.

Kagera, Machi 2023, Marburg iliwapata watu 9 na kuua 6. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 2 Juni, baada ya siku 42 bila mgonjwa mpya, yaani 21 mara mbili.