Kabla ya kuchora chuo Mwanza, soma mawe na maji

Ufa ulianzia usawa wa jamvi, yaani sakafu ya zege, ukapanda kwa ngazi ukifuata viungo vya tofali hadi kwenye kona ya dirisha. Lilikuwa bweni la wanafunzi katika chuo kimoja hapa Mwanza, halijafikisha hata miaka mitano. Nilichukua sarafu ya shilingi mia nikaiweka kwenye ufa, ikazama bila kusukumwa. Fundi niliyekuwa naye akailaumu saruji. Tulipochimba nje ya ukuta tukaona: kona moja ya bweni imekalia mwamba, kona ya pili imekalia udongo wa kujazia. Udongo ulikuwa umeshuka kidogo, mwamba haukwenda popote, na ukuta uliokuwa katikati ndio ulioumia.

Kazi yangu ni kusimamia ujenzi na ukarabati wa majengo ya vyuo, na tatizo hilo nakutana nalo kuliko lingine lolote. Kwa hiyo nawaomba wanaokaa kwenye mabaraza ya vyuo, wazazi wanaochangia ujenzi na majirani wa vyuo tuelewane kwanza kuhusu ardhi yetu.

Mawe ya Mwanza ni matale (graniti) yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Maji yamepenya kwenye nyufa zake kwa muda mrefu mno, yakageuza sehemu laini kuwa changarawe na udongo, na kuacha viini vigumu vya mviringo. Ndiyo maana tunaona mawe yamepandiana, kama lile la Bismarck pale ziwani. Na ndiyo maana jiwe unaloliona juu halikwambii kilichoko mita tatu pembeni yake. Huenda mwamba unaendelea, huenda kuna shimo refu la udongo.

Shimo moja la majaribio katikati ya kiwanja halitoshi. Chimba kila kona, na kila mahali nguzo itakaposimama. Ukikuta nusu mwamba nusu udongo, una njia tatu: shusha msingi wa upande wa udongo hadi uguse mwamba, au chonga mwamba chini kidogo, uweke tabaka la changarawe lililoshindiliwa vizuri, au ligawe jengo mara mbili, kila kipande na msingi wake, uache nafasi katikati. Zote zina gharama, ila hazifikii gharama ya kuwahamisha wanafunzi katikati ya muhula.

Kuna wanaotaka kuyaondoa mawe yote ili kiwanja kiwe tambarare. Mimi napinga. Baruti karibu na nyumba za watu hutikisa kuta za jirani, na kuchoma mwamba kwa moto ndipo upigwe nyundo hupasua hata yale mawe uliyokusudia kuyaacha. Lipitishe jengo pembeni ya jiwe kubwa. Wanafunzi watakaa kivulini mwake wasome, na yule mjusi wetu mwenye kichwa chekundu na mwili wa bluu ataendelea kuota jua juu yake.

Vyuo vyetu havikujengwa kwa siku moja. SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, ilianza mwaka 1960 kama taasisi ya mafunzo pale Nyegezi, ikawa chuo kikuu mwaka 1998. Kule Bugando hospitali ilifunguliwa mwaka 1971, na chuo cha afya kikaanza mwaka 2003, ambacho leo ni CUHAS, chuo kikuu cha Kikatoliki cha sayansi za afya. Chuo kinachokua hivyo huongeza jengo kila kinapopata fedha, na kila bati jipya huleta maji mapya ambayo mtaro wa zamani haukuyatarajia.

Tupige hesabu. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita ya mraba 1 ni lita 1 ya maji. Chukua jengo la madarasa lenye paa la mita 40 kwa 15, yaani mita za mraba 600. Mvua moja nzuri ya milimita 30 inamwaga juu yake lita 18,000. Mlimani maji hayo hayana pa kunywea, kwa sababu chini ni jiwe. Yanateremka yakiwa na mchanga na takataka, yanaingia kwa mama aliyejenga bondeni, yanafika mto Mirongo, kisha ziwani. Mwanza hupata takribani milimita 1,000 kwa mwaka, kwa hiyo paa hilo moja hupokea kama lita 600,000. Chuo kinachonunua maji ya kufulia na kumwagilia bustani huku kikiyaacha haya yapite kinajidhulumu, na kinamdhulumu jirani.

Weka gata na matenki kwenye kila jengo. Yanayozidi yapite kwenye mtaro wenye ngazi za mawe, ili yapungue kasi kabla hayajavuka mpaka wa chuo. Na ramani ya mtaro huo ipelekwe kwa mwenyekiti wa mtaa wa chini kabla ya kuchimba, maana yeye ndiye atakayeamshwa usiku mvua ikishuka.

Majitaka nayo yana shida yake. Shimo la choo kwenye mwamba ni kazi kulichimba, na ukishalichimba maji machafu hutafuta ufa na kutokea kwa jirani. MWAUWASA, mamlaka ya maji na usafi wa mazingira ya Mwanza, wamekuwa wakijenga mfumo rahisi wa majitaka kwenye makazi ya milimani, wa mabomba membamba yanayopita kati ya nyumba na juu ya mawe. Chuo kilicho karibu na mfumo huo kiombe kuunganishwa mapema, kabla kuta za bweni hazijafika kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya madirisha.

Kuhusu joto, tuko karibu kabisa na ikweta, hivyo kuta zinazotazama mashariki na magharibi ndizo zinazoungua. Jengo refu lilale mashariki–magharibi, madirisha yatazame kaskazini na kusini. Ugumu ni kwamba upepo wa mchana hutoka ziwani, na kwa sehemu kubwa ya jiji ziwa liko magharibi. Ukifunga ukuta wa magharibi umekosa upepo, ukiufungua umekaribisha jua la saa kumi. Mimi huweka matofali ya matundu upande huo, na veranda pana mbele yake, na miti.

Kwa vyuo vya ufukweni, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Wapo wanaoziona mita hizo kama ardhi iliyopotea. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1960 ziwa lilipanda zaidi ya mita 2, na miaka hii ya karibuni tumeliona tena likiingia kwenye viwanja vya watu. Kwenye mita hizo 60 otesha nyasi na miti, weka madawati, na ujenzi wa maktaba uanzie nyuma yake, mbali na maji.