Nani kawaambia shotgani haikosi?

Nisameheni, naandika hii nimekereka. Wiki hii kaja tena mteja na Baikal yake ya mitutu miwili, leseni ya polisi safi, kibali cha TAWA, mamlaka ya wanyamapori, anacho, anasema fundi hebu nicheki hii kitu imeharibika, kanga wanapita hapo juu napiga hawadondoki, na shotgani si haikosi? Nikaifungua yote mbele yake. Pini zinagonga sawa, mitutu ndani inang'aa, bawaba imekaza. Bunduki nzima kabisa. Kibovu ni hiyo imani, na mi naikuta kila kona, kwa wawindaji, kwa walinzi, mpaka kwa wazee wenye silaha tangu enzi za Mwalimu, eti marisau, zile punje ndogo za ndani ya risasi, yakitoka mdomoni mwa mtutu yanatawanyika upana wa mlango kwa hiyo we elekeza tu upande ule, Mungu atasaidia.

Hayatawanyiki hivyo jamani. Chukua geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu) yenye mtutu wazi, haina choku hata kidogo, yaani mdomo haujabanwa, piga karatasi ya kaki mita tisa, duara lake ni kama nusu mita. Weka choku kamili umbali uleule, unapata kama sentimita 25. Ukiwa hatua tatu nne, hamna cha kutawanyika, ni tundu moja la kuingiza ngumi. Mpaka ufike mita 36 hivi ndo mtutu wazi unakupa karibu mita moja na nusu, na choku kamili inakupa mita moja. Hapo watu wanashangilia, si umeona duara kubwa! Ndo hapo sasa linapoanza tatizo lenyewe, maana duara likikua marisau hayaongezeki. Gramu 32 za marisau ya saizi namba 6 ni punje 300 na kidogo, basi, ndo hizohizo unazitandaza kwenye duara zima, na pembeni zinakuwa chache kiasi kwamba kanga mzima anapita katikati yake akiwa na punje moja kwenye bawa. Punje moja haiui kanga. Imetoka mdomoni na mwendo wa mita 400 hivi kwa sekunde lakini ni kitu chepesi, hewa inaipunguza haraka sana, inatakiwa punje kadhaa zimfikie kwa pamoja. Huyo mwenye moja anaenda kufia vichakani, halafu we unarudi mjini unasema umekosa. Hujakosa, umemtesa, na hili mi linaniuma kuliko risasi iliyopotea.

Vitabu vinasema kwenye mita 36, ndani ya duara la sentimita 76, mtutu wazi unaingiza asilimia 40 ya marisau, choku kamili asilimia 70, za katikati 50 na 60. Nawaambia wateja hivyohivyo lakini moyoni siziamini sana hizo namba. Nimeshapiga kaki na bunduki mbili zenye alama ileile ya choku, risasi za boksi moja, na karatasi zikatoka hazifanani kabisa. Badilisha kampuni ya risasi tu, choku kamili inaanza kupiga kama ya kati. Kwa hiyo alama kwenye mtutu ni ahadi, kaki ndo ushahidi.

Na mtutu mrefu haupeleki marisau mbali zaidi, hilo nalo mliache. Baruti ya kisasa inamaliza kuungua mapema, Robert Churchill, mtengeneza bunduki wa Uingereza, aliuza shotgani za mitutu ya inchi 25 tangu miaka ya 1920 na zinaua ndege vizuri tu.

Halafu kanga anaruka. Tuseme yuko kilomita 60 kwa saa, hiyo ni kama mita 17 kwa sekunde. Marisau kufika mita 35 yanatumia sehemu moja ya kumi ya sekunde na kidogo, kumbe kanga kashasogea mita mbili. Ukimlenga yeye unapiga hewa aliyoiacha. Sasa mi vijana nawafundisha hivyo, mita mbili mbele, lakini nina wasiwasi kama kweli inawasaidia, kwa sababu wapigaji wazuri wote ninaowajua ukiwauliza umetanguliza kiasi gani hawana jibu, mmoja atakwambia mi napiga mdomo wa ndege, mwingine atasema sijui mkono wenyewe unajua. Bunduki yao inatembea na ndege, wanafyatua huku inatembea, hawasimamishi. Mwenye kusimamisha ili apime mita mbili anakosa kila siku.

Ila kiini cha yote ni kitako, ile mbao ya nyuma inayokaa begani, na hapa naomba mnivumilie. Raifo ina alama mbili za kulengea, ya mbele na ya nyuma. Shotgani ina kashanga kamoja tu huko mbele, ya nyuma ni jicho lako. Shavu likikaa chini sana kwenye kitako, jicho limeshuka, na sentimita moja ya jicho ni karibu sentimita 40 kwenye mita 36. Yaani bunduki nzima, risasi nzuri, mtu hodari, marisau mengi yanapita chini ya tumbo la kanga. Yule mteja wa Baikal nilimwambia nyanyua hapo, nikaona kila kitu: mrefu, mikono mirefu, na mwenye bunduki wa mwanzo alikuwa amekikata kitako vidole viwili. Shingo inajikunja kutafuta kashanga. Shida yake nzima ilikuwa pale, nimemwekea mpira mnene nyuma na kupandisha sehemu ya shavu.

Ndo maana shotgani ninazozipenda hazina uhusiano na bei. Kuna Webley & Scott ya mitutu miwili ya familia moja ya Upanga, huwa inaletwa kwangu kusafishwa kwa sababu hewa ya chumvi ya hapa Dar inakula chuma ukilala tu. Kitako kimeongezwa kipande cha mninga na fundi wa zamani, ukipitisha ukucha kwenye kiungio hausikii kitu, na pale shavu lilipokuwa linakaa vanishi imeisha, mbao imekuwa nyeupe na laini. Mzee alikuwa mtu mrefu sana, akiinyanyua inatua begani yenyewe. Mwanawe ni mfupi, hapigi nayo kitu. Nikamwambia tukipunguze, akasema fundi hapana, hapo ndo shavu la baba. Sikumbishia. Anawinda na nyingine.

Hiyo Webley chemba yake, pale risasi inapokaa, ni milimita 65, na hapa naenda haraka ila shikeni: risasi ya 70 inaingia vizuri tu, kwa sababu urefu ulioandikwa ni wa ganda likishafunguka. Kuingia si ruhusa, mdomo wa ganda unakosa nafasi ya kufungukia na presha inapanda. Na ya geji 20 ikitumbukia kwenye geji 12 inakwama mbele ya chemba, ukipakia nyingine nyuma yake mtutu unapasuka, ndo maana maganda ya 20 ni ya njano, usiyachanganye.

Nyingine ni Browning Auto-5 ya mzee aliyenifundisha kazi, ile ya mgongo wa mraba, mtutu mzima unarudi nyuma ukipiga. Watu wanaimwagia mafuta mpaka pete ya breki, inayopunguza kasi ya mtutu ukirudi, inateleza, halafu wanalalamika inapiga bega. Mzee alikuwa anaipangusa na kitambaa chenye harufu tu ya mafuta. Nilikuwa nasimama nyuma yake Ruvu, njiwa wakitoka mashambani, mgongo ule ulionyooka na jicho lake mstari mmoja.

Na IZH-18 ya mjomba, Utete, mtutu mmoja, risasi moja. Mjomba alikuwa hafyatui mpaka aone madoa meupe ya kanga moja moja. Sisi watoto tunamvuta shati, mjomba piga, mjomba wanaondoka! Hageuki. Akirudi, idadi ya kanga na ya maganda matupu mfukoni ni ileile, na bibi hakuwahi kulalamika kuna mfupa umevunjwa na risasi nyingi.

Ya kwako ipime hivi: hakikisha tupu, angalia chemba mara mbili, elekeza pasipo na mtu. Chagua alama ukutani, fumba macho, nyanyua begani kama kawaida yako, fumbua. Ukijikuta unaona nyuma ya bunduki badala ya kashanga, au kashanga kako pembeni ya alama, kitako si chako. Ukija kwangu njoo na karatasi zako za kaki, za mita 20 na za mita 35, umeandika na jina la risasi uliyopigia.