Hakuna kadawa kadogo ka kulala

Wiki hii nimeambiwa mara tatu, tena na wenzangu wa kazi, juu ya mtoto anayepelekwa kwenye skana, mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili: «Kipimo hakiumi, mupatie tu kadawa kadogo alale.» Nimechoka kulijibu jambo hili kwenye korido.

Skana haiumi, ni kweli. Lakini kinachoua mtoto aliyelazwa kwa dawa ni ulimi kurudi nyuma na pumzi kupungua, na hayo hayajali kama kipimo kinauma. Anayechomwa sindano angalau ana kitu cha kumshtua avute hewa. Huyu amelala ndani ya mashine, hakuna anayemgusa. Na hapa Bukavu, karibu mita 1,500 juu ya bahari, akiba yake ya oksijeni ni ndogo toka mwanzo. Oksimita kidoleni, ya kupima oksijeni ya damu, na mtu mmoja wa kumtazama tu. Tumbo tupu kabla ya dawa: saa 6 kwa chakula, 4 kwa ziwa la mama, 2 kwa maji. Hapo sibishani. Kichanga wa chini ya miezi 3, mnyonyeshe, mfungie vizuri kwenye kitambaa. Mara nyingi atalala bila dawa yoyote.

Midazolamu ya kunywa inatuliza, hailazi. Mtoto anamwacha mama bila kulia, mashine ikivuma anageuza kichwa, picha imeharibika. Kwenye EEG, kipimo cha umeme wa ubongo, inabadilisha mawimbi yaleyale tunayoyatafuta. Ketamini inaondoa maumivu ambayo hayapo, na mikono inachezacheza. Propofoli ni ya anayejua kushika njia ya hewa, basi.

Klorali, dawa ya usingizi ya zamani, ndiyo inayoninyima amani. Inatumika tangu 1869, ni ya kunywa, na inalaza kuliko midazolamu. Yote kweli. Hatari inaanza kipimo kikiisha. Mwili unaigeuza kuwa trikloroetanoli, na nusu yake tu inachukua saa 8 hadi 12 kutoka. Mtoto anafungua macho, mama anafurahi, anambeba mgongoni, anapanda pikipiki kwenda mtaa wa Panzi. Ndani ya kitenge kidevu kinashuka kifuani, na hakuna anayeona. Dawa ya kuikata haipo. Kwa hiyo kwangu haruhusiwi kutoka mpaka akae macho dakika 20 bila mtu kumchokoza, hata mama akiniambia «Dokta, giza linaingia».

Nikiipata, nachagua deksmedetomidini puani, mikrogramu 2 hadi 3 kwa kilo. Inahitaji nusu saa hivi, pumzi inabaki nzuri, ila moyo unapunguza mwendo. Tunafundishwa kuvumilia kama presha iko sawa. Lakini nikiona mapigo 68 kwa dakika kwa mtoto wa miaka 2, mkono unaenda wenyewe kwenye atropini, dawa ya kuharakisha moyo, ingawa juu ya dawa hii atropini inaweza kurusha presha. Mara ya mwisho niliurudisha mkono, bila uhakika. Nikampapasa mguu, akajinyoosha, moyo ukapanda hadi 80. Picha tuliirudia.